Saa ya Ukumbusho

Kila msimu wa mahafali unapowadia, na kila mtumishi anapostaafu baada ya miaka mingi ya kazi, au kijana anapofuzu mtihani uliomla nusu ya ujana wake, huzuka miongoni mwa jamaa na masahibu mjadala ule ule: je, yafaa mtu mwenye akili timamu atoe fedha nyingi, pengine mshahara wa miezi mitatu au minne, anunue saa ya mkono ya thamani kuwa ukumbusho wa tukio hilo, ilhali simu iliyo mfukoni mwake humwonyesha majira bila ya malipo na bila ya kukosea? Wako wanaoliita jambo hilo israfu, na wako waliofika kuliita maradhi ya kujionyesha; nami, ambaye nimewasikiliza wa pande zote mbili kwa muda mrefu, naona kwamba wanaolaumu wana haki katika nusu ya maneno yao, na kwamba nusu iliyobaki inastahili kujibiwa kwa adabu na kwa hoja.

Haki yao ni hii. Saa inunuliwayo ili wapita njia waitambue ni fedha iliyotupwa, maana wapita njia hawadumu, na jicho lililoishangaa leo kesho litashangaa nyingine. Lakini saa iliyochaguliwa kwa ajili ya amali iliyokwisha timizwa, na kwa ajili ya yule atakayeivaa baada ya mwenyewe kuiaga dunia, ni kitu cha namna nyingine kabisa. Na mtu akishaweka nia hiyo moyoni, kila hukumu ya dukani hubadilika: hukumu ya madini, ya ukubwa, ya mtambo, ya mkanda, hata ya maneno yatakayochorwa mgongoni mwake.

Tazama jinsi tunavyoadhimisha mambo yetu. Mtu akipata shahada au cheo, huwekwa turubai, hupikwa biriani, hualikwa mtaa mzima, wakaja na wasioalikwa, na alfajiri yake masufuria huoshwa na kurudishwa kwa wenyewe, hata mwaka ukipita haibaki ila picha katika simu ambayo nayo itaharibika. Siilaumu karamu, kwa kuwa kulisha watu ni sadaka na furaha isiyogawanywa haijatimia. Nasema tu kwamba karamu haina mahali pa kuhifadhiwa. Wanawake wa mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, walilielewa jambo hili kabla yetu. Bangili hii ni ya siku ya arusi, vipuli hivi ni vya kuzaliwa kifungua mimba, mkufu ule ni wa mwaka mume aliporudi salama safarini. Kila kipande cha dhahabu kilicho kisandukuni kina tarikhi yake, na binti afunguaye kisanduku cha marehemu mamaye husoma humo maisha yaliyopita kabla yeye hajazaliwa. Kasoro ya hazina hiyo ni moja, nayo ni kwamba takriban yote yalihusu ndoa na uzazi. Mwanamke aliyehitimu udaktari, au aliyesimamia shule miaka thelathini, au aliyelipa deni la mwisho la duka aliloanzisha kwa mikono yake, hana katika mila zetu kitu cha kuvaa kinachosema: kazi hii niliifanya mimi. Wanaume nao hawakuwahi kuwa nacho. Pengo hilo ndilo ambalo saa njema yaweza kulijaza, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kila anayeinunua anafanya israfu.

Hata hivyo, na iwe dhahiri tangu hapa, saa si dhahabu. Bangili ikipimwa huuzwa kwa uzito wake, ama saa, iwe mashuhuri namna gani, aghalabu hupungua bei siku ile ile inapotoka dukani, na zile chache zilizopanda bei kupita kiasi miaka ya janga la korona zilianza kuporomoka katika soko la mkono wa pili mwaka 2022, zikawaacha waliozinunua kwa tamaa ya faida wakihesabu hasara. Muuzaji akikuambia kwamba saa ni uwekezaji, mshukuru, kisha nenda zako. Dukani pia nenda ukiwa na fedha zako mwenyewe; ukumbusho wa juhudi hauwezi kununuliwa kwa mkopo, kwa kuwa mwenye kuvaa deni mkononi huadhimisha kazi ambayo bado hajaimaliza. Kwa sababu hiyo hiyo, saa isinunuliwe kabla ya jambo lenyewe kutimia. Wako wanaojipa zawadi kwa azma tu, ati itawatia hima. Lakini kilichonunuliwa kabla ya amali hakiwezi kuishuhudia.

Sasa tuje kwenye hoja ya simu, ambayo ndiyo hoja kubwa, na ambayo watetezi wengi wa saa huikimbia badala ya kuikabili. Ni kweli kwamba simu, na hata saa ya betri ya bei rahisi, hushinda saa ya kamani katika kutunza majira. Ndani ya saa ya betri mna kipande kidogo cha kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kwa utulivu huo saa ya kawaida ya namna hiyo hukosea sekunde chache tu kwa mwezi mzima. Saa ya kamani, ambayo nguvu zake zatoka katika utepe wa chuma uliosokotwa na ambao hujifungua polepole huku gurudumu la mizani likienda na kurudi na kupiga, aghalabu mara 8 kwa sekunde, ina zaidi ya vipande mia moja, vingine vikisuguana. Na hata ile iliyopimwa Uswisi siku 15 mfululizo, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, ikapewa hati ya kronomita, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Kwa kipimo cha usahihi peke yake, mashindano yalikwisha tarehe 25 Desemba 1969, siku ambayo kampuni ya Seiko iliweka sokoni Tokyo saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkono yenye kwatsi kuuzwa kwa watu, bei yake yen 450,000, kiasi ambacho wakati ule kingekaribia kununua gari dogo.

Matokeo yake Uswisi yalikuwa msiba. Wafanyakazi wa viwanda vya saa, waliokuwa kama 90,000 mwaka 1970, walipungua hata katikati ya miaka ya 1980 wakawa kiasi cha thuluthi yao, na katika miji kama La Chaux-de-Fonds na Le Locle, ambayo mitaa yake ilijengwa ikakusudiwa mwanga wa jua uwafikie mafundi mezani pao, karakana zilifungwa moja baada ya moja. Katika siku hizo kulikuwa na fundi wa kiwanda cha Zenith, mjini Le Locle, jina lake Charles Vermot. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya kampuni ya redio ya Marekani, na mnamo mwaka 1975 ikaja amri kwamba utengenezaji wa mitambo ya kamani ukomeshwe na zana zake ziondolewe, pamoja na zana za mtambo uitwao El Primero, uliotangazwa Januari 1969, ambao mizani yake hupiga mara 10 kwa sekunde na ambao ulikuwa miongoni mwa mitambo ya kwanza ya kujijaza yenye kipima-muda. Vermot aliwaandikia wakubwa akiwasihi wasifanye hivyo. Hakusikizwa. Basi akazichukua zana kidogo kidogo, baada ya saa za kazi, akazipandisha darini, akaziwekea alama kila moja, akaandika daftarini namna zinavyotumika, kisha akaufungia mlango na kunyamaza. Miaka kama tisa baadaye, mwaka 1984, watu walipoanza tena kuzitamani saa za kamani, wenye kiwanda wapya waliukuta urithi huo darini hali umekamilika, na mtambo ukafufuliwa bila ya gharama ambayo ingewashinda. Na mwaka 1988 hata Rolex ilianza kuununua mtambo huo kwa saa zake za Daytona.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna jawabu la hoja ya simu. Kitu chenye magurudumu, kamani na parafujo kinaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye maarifa, zana na subira, hata waliokiunda wakiwa wamekwisha kufa, maana kila kipande kinaonekana kwa jicho na chaweza kuchongwa upya. Kipande cha umeme kikikatika, na kiwanda kikawa kimekwisha acha kukitoa, hakuna fundi awezaye kukichonga. Simu uliyonunua mwaka uliopata shahada haitawasha taa yake siku mjukuu wako atakapopata yake. Saa ya kamani iliyotunzwa itatembea. Kwa hiyo mwenye kuchagua saa kwa ajili ya majira tu na achague ya betri, na afanye vyema. Mwenye kuchagua kwa ajili ya ukumbusho na achague ya kamani, iwe ya kutiwa kwa vidole kila asubuhi au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono.

Baada ya mtambo huja madini, na hapa mwambao una neno lake. Jamhuri ya wanazuoni wa Kiislamu wameharimisha dhahabu kwa wanaume, na katika saa ya dhahabu wengi wao hawaoni tofauti na pete ya dhahabu; hata hivyo nimewaona vijana waliolelewa vyuoni wakipewa na wafadhili wao saa za dhahabu siku ya kuhitimu, zikabaki kabatini kwa miaka, kwa kuwa mpokeaji hawezi kuzivaa msikitini na mtoaji hawezi kuambiwa. Anayempa mwanamume Mwislamu ukumbusho na ampe chuma kisichoshika kutu, au titani, au platinamu akiweza. Saa ya Rolex iitwayo Day-Date, iliyotoka mwaka 1956 na ambayo wengi huiona ndiyo kilele cha kufaulu, haitengenezwi ila kwa dhahabu au platinamu. Basi kwa wengi wetu kilele hicho kimefungwa na sheria kabla hakijafungwa na mfuko, wala si hasara kubwa. Chuma kina fadhila nyingine: hakikwaruziki upesi kama dhahabu, hakimshawishi mwizi kama dhahabu, na humruhusu mvaaji kuingia msibani na arusini kwa saa ile ile.

Wasomaji wetu walioko Maskati, ambao wengi wao bado huongea Kiswahili nyumbani, wanajua mfano bora wa saa kuwa shahada ya utumishi. Marehemu Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Omani tangu mwaka 1970, aliwatunukia maafisa na watumishi wa dola saa za Uswisi ambazo juu ya uso wake pamechorwa nembo ya Omani, jambia na panga mbili zilizopishana. Baadhi ya saa hizo zilikuwa za chuma tupu, zile za wapiga mbizi. Leo wakusanyaji hushindania kuzinunua kwa bei maradufu ya ndugu zake zisizo na nembo, kwa alama ile ndogo inayosema kwamba mwenyewe alitumika mahali fulani, zama fulani, na utumishi wake ukaonekana.

Katika Marekani pia kuna saa iliyowafunza watu somo hilo kwa namna ya kustaajabisha. Mwigizaji Paul Newman alipoanza kujiingiza katika mbio za magari, mkewe, Joanne Woodward, ambaye naye alikuwa mwigizaji, alimnunulia Rolex ya Daytona, saa ambayo wakati huo haikuwa na soko kubwa na bei yake ilikuwa dola mia chache, akaamuru ichorwe mgongoni maneno machache ya kumwasa aendeshe kwa uangalifu. Aliivaa miaka, kisha mwaka 1984 akampa kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake, na mnamo Oktoba 2017 ikauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Sikitaji kiasi hicho ili kumtia mtu tamaa, kwani jambo kama hilo halitampata yeyote kati yetu. Nakitaja kwa kuwa mke yule hakununua saa iliyokuwa ikitafutwa na watu. Alinunua iliyomfaa mumewe kwa shughuli aliyokuwa akiianza, na woga wake na mapenzi yake akayaandika katika chuma.

Kinyume cha hayo ni saa bandia, na juu yake sitasema mengi. Yeyote apitaye Kariakoo au katikati ya Nairobi ataziona zimepangwa, majina makubwa yote, kwa bei ya viatu. Mtu huru ana hiari ya kuvaa apendacho siku za kawaida, ila kuweka uongo mahali pa ukumbusho wa kweli ni kujidhulumu. Asiye na fedha nyingi na anunue Seiko au Tissot ya halali yenye mtambo wa kujijaza, na atakuwa amenunua kitu kinachoheshimiwa na kila fundi wa dunia hii. Thamani ya ukumbusho haingoji dola elfu kumi.

Fundi ndiye mtu ambaye wanunuzi wetu humsahau, na kumsahau kumezika saa nyingi nzuri katika madroo. Saa ya kamani hutaka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka mitano hadi kumi, na gharama yake kwa saa za daraja ya juu yaweza kufika dola mia kadhaa kila mara. Zamani karibu kila mji wetu ulikuwa na fundi saa barazani, lenzi jichoni, vibano mkononi, na wapo waliobaki ambao ustadi wao hauna shaka. Lakini baadhi ya viwanda vikubwa vya Uswisi haviuzi vipuri kwa fundi asiye na idhini yao, basi fundi wetu, hata angekuwa hodari kuliko wa Geneva, hana kipande cha kuweka, na saa hulazimika kusafirishwa nje, ikakaa miezi. Kabla ya kulipia, uliza: mtambo wa ndani ni upi, na nani katika Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Zanzibar aliwahi kuufungua? Mitambo ya ETA 2824 na Sellita SW200, iliyomo ndani ya saa nyingi za bei ya kati, inajulikana na mafundi ulimwenguni kote na vipuri vyake hupatikana. Kadhalika mitambo ya kawaida ya Seiko. Ikiwa watu wawili wanashindana katika nafsi yako, mmoja ataka jina kubwa na mwingine ataka mtambo ambao fundi wa mjini mwako anaujua, nakusihi umtii wa pili, kwa kuwa ndiye anayemfikiria mrithi.

Hewa ya pwani nayo ina hukumu zake. Mkanda wa ngozi, uliokusudiwa nchi za baridi, huoza kwa jasho na unyevu baada ya miezi michache, ilhali mkanda wa chuma au wa mpira husafishwa kwa maji na sabuni na kudumu. Saa iliyoandikwa kwamba inahimili maji mita 30 haikukusudiwa kuzamishwa. Huhimili matone ya udhu na ya mvua, wala si kuogelea, na mwenye kuipenda bahari achague ya mita 100 au zaidi, aisuuze kwa maji baridi kila atokapo chumvini, na aulize habari za mipira inayozuia maji kila saa ifunguliwapo. Kuhusu uso, nina rai ambayo sijaiona ikitajwa na wauzaji. Sisi twasoma saa moja pale akrabu fupi ielekeapo kwenye 7, na saa saba pale ielekeapo kwenye 1. Basi uso wenye mistari mitupu usio na tarakimu hutufaa kuliko wowote, kwa kuwa hauandiki namba ambayo jicho letu lina desturi ya kuivuka.

Upana wa milimita 36 hadi 39 hukaa vyema katika mikono mingi, na hupita chini ya mkono wa kanzu bila ya kukwama. Miaka ya karibuni saa zilikuzwa hata zikafika milimita 44 na kupita. Mtindo huo umeanza kurudi nyuma, na aliyenunua kwa mtindo amebaki na kitu ambacho mwanawe hatakivaa.

Maandishi yawe machache. Tarehe, kwa mwaka wa miladi na wa hijria kwa apendaye, na neno moja au mawili yanayotaja kazi yenyewe, yatosha. Sifa ndefu huchakaa upesi kuliko chuma. Wala jarida la saa wala muuzaji hawatakuambia jambo la mwisho, ambalo kwa familia za Kiislamu ni kubwa kuliko yote niliyotangulia kuyataja. Ukifa nayo mkononi, saa ni mirathi, na itaingia katika hesabu pamoja na shamba na nyumba. Na ukiandika katika wasia kwamba ni ya mwanao fulani, wasia huo kwa mrithi hausimami bila ya ridhaa ya warithi wenziwe. Nimeona ndugu waliopatana juu ya nyumba wakagombana juu ya saa ya baba. Mwenye kumkusudia mmoja na ampe kwa hiba angali hai na mwenye afya, aridhishe nyoyo za wengine kwa kadiri ya uadilifu, na amkabidhi mkononi mbele ya jamaa, pamoja na risiti, kisanduku, na jina la fundi aliyeifungua mara ya mwisho. Na mpokeaji huyo aweza vizuri kuwa binti, maana ni katika mikono ya mabinti ambamo tarikhi za nyumba zetu zimehifadhiwa siku zote.